Skripti ya anga: babu yuko Ngomeni, mjukuu yuko kilomita 400 juu. Nimekosea wapi?

BintiNgomeni

Hamjambo wandugu. Naomba msaada, na naomba mnisome hadi mwisho kabla ya kunicheka, maana nimeshachekwa vya kutosha.

Ninaandika skripti ya filamu ndefu, kurasa 94 hadi sasa. Mhusika mkuu ni Mwanakombo, daktari aliyezaliwa Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, na sasa yuko kwenye kituo cha anga kilomita 400 juu ya dunia. Babu yake, ambaye ujanani alikuwa akivusha wafanyakazi kwa boti kwenda majukwaa ya San Marco, amebaki kijijini na redio yake. Filamu yote ni hawa wawili wanazungumza.

Kwa wasioijua San Marco: ni yale majukwaa ya chuma yaliyosimama baharini kwenye ghuba ya Ungwana, Waitaliano walikorushia roketi za kupeleka setilaiti kuanzia 1967 hadi 1988. Setilaiti ya Uhuru iliruka kutoka pale tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, ndipo ikapata jina hilo. Mimi nimekua nikiyatazama yale majukwaa tangu sijaanza shule, na nilifika kidato cha tatu bila mtu kuniambia ni ya nini.

Wiki iliyopita nilimpa rafiki yangu asome. Alifika ukurasa wa kumi akaniuliza kama fizikia nilisomea jikoni. (Nilipata D, kwa hiyo hajakosea sana.) Makosa ni yapi hakusema, alicheka tu akanirudishia karatasi.

Basi nayaweka hapa. Onyesho la 1 ni usiku wa ile Desemba 1970: mwezi mwandamo unachomoza baharini pembe zikiwa zimesimama, upepo wa kusi unavuma, maji yamejaa hadi kwenye ngazi za jukwaa, roketi inaruka. Onyesho la 7, Mwanakombo anaelea ndani ya kituo na kumweleza babu kwamba huko juu hakuna mvutano wa dunia. La 12, kituo kinapita juu ya Ngomeni kila baada ya dakika 90, nao wanazungumza redioni saa nzima, kila mmoja akingoja sekunde tano ili sauti imfikie mwenzake. La 31, mwenzake Mrusi vazi lake linatoboka akiwa nje, anavimba, anapasuka. La 33 ni mlipuko wenye mshindo wa kutikisa viti vya sinema. La 58, babu amefariki, Mwanakombo analia na machozi yanadondokea leso aliyopewa siku anaondoka.

Nibadilishe nini bila kuua hadithi? Onyesho la 12 ndiyo roho ya filamu. Mkilitoa hilo, bora nirudi kuandika mapenzi ya Nyali.


Mwl_Iringa

Dada, pole kwa kuchekwa. Mimi nafundisha fizikia sekondari mwaka wa 19 huu, na makosa yako ni yale yale ninayoyasahihisha kila muhula, kwa hiyo usijione peke yako.

Tuanze na la 7. Kwenye kilomita 400 mvutano wa dunia upo, tena ni karibu asilimia 90 ya huu unaokushika kitini sasa hivi. Usingekuwepo, nini kingekizuia kituo kisiende zake moja kwa moja? Mwanakombo anaelea kwa sababu anaanguka, na kituo kinaanguka pamoja naye. Kinakwenda kilomita 7.7 kwa sekunde, yaani Malindi hadi Mombasa kwa sekunde kama 16, na kwa mwendo huo kila kinapoanguka, ardhi nayo imeshajipinda ikakikwepa. Ile hali ya tumbo kupanda kooni basi linaporuka tuta, yeye anayo mfululizo, mchana na usiku. Wanaanga wengi siku za mwanzo hutapika. Hilo hukuliandika, na lingekufaa: daktari aliyekwenda kuwatibu wenzake ndiye wa kwanza kushika mfuko.

Sasa la 12, ulilosema tusiliguse. Naligusa.

Kwanza, zile sekunde tano ziondoe. Redio inakwenda kwa mwendo wa mwanga, na kilomita 400 ni kitu cha sekunde moja igawe mara elfu, kisha uongeze kidogo. Hakuna kungoja. Mtu aliye Mwezini ndiye angechelewa kwa sekunde 1.3 kwenda na nyingine kama hizo kurudi. Mirihi ni dakika 3 hadi 22 kutegemea iko wapi, huko hamzungumzi tena, mnaandikiana barua.

Pili, saa nzima haiwezekani. Watu wa Houston, Marekani, wanaoongoza kituo cha kimataifa cha anga, huzungumza nacho muda mrefu kwa kupitia setilaiti nyingine zilizo juu zaidi, lakini babu mwenye redio yake na antena juu ya paa la makuti anakipata kituo pale tu kinapokuwa juu ya upeo wa macho yake. Toka kinapoibuka upande mmoja hadi kinapozama upande wa pili ni dakika kumi, tena hapo kimepita utosini. (Hili si la kubuni. Kituo cha kimataifa kina redio ya aina hiyo, na watoto wa shule nchi mbalimbali huwauliza wanaanga maswali moja kwa moja. Wanapewa dakika hizo hizo kumi, wanapanga foleni mbele ya kipaza sauti.)

Tatu, na hapa ndipo hadithi yako ilipokuwa inavunjika bila wewe kujua. Kituo cha kimataifa hakirudi Ngomeni kila mzunguko. Njia yake imeinama nyuzi 51.6 kutoka ikweta, na wakati kinazunguka, dunia nayo inageuka chini yake. Kikipita Ngomeni sasa, mzunguko unaofuata kitavuka ikweta nyuzi 23 hivi magharibi zaidi, huko karibu na Mbandaka, Kongo. Unaofuata tena ni Atlantiki. Babu atakaa na redio yake mpaka alale.

Usikate tamaa. Kwa nini kimeinama hivyo? Roketi ikirushwa bila kupindishwa njiani, obiti yake, yaani njia yake ya kuzunguka dunia, huinama angalau sawa na latitudo ya mahali iliporushwa, na Warusi wanarushia Baikonur, nyuzi 46 kaskazini. Sasa Ngomeni iko nyuzi ngapi? Tatu tu, kusini ya ikweta. Uhuru ilizunguka kwa mwinamo wa nyuzi tatu hivi, ikiufuata mkanda wa ikweta. Hiyo ndiyo sababu mojawapo Waitaliano walikuja kwenu, pamoja na kwamba dunia kwenye ikweta inakusukuma mashariki kwa mita 465 kila sekunde bila malipo. Basi kituo chako kifanye cha kubuni, kilichojengwa kwa roketi zilizoruka kutoka Ngomeni, chenye obiti ya nyuzi tatu. Hapo kitapita juu ya babu kila mzunguko. Si kila dakika 90 lakini. Kinamaliza duru kwa dakika 92 na nusu, ila dunia imemsogeza babu mashariki, kwa hiyo kinahitaji kumfukuzia: dakika 99 hivi.

Dakika kumi za maneno, kisha kimya cha saa moja na nusu, kisha dakika kumi tena. Mimi si mwandishi, ila ningekuwa wewe ningeshukuru.

La 31: binadamu hapasuki. Ngozi inamshika. Mwaka 1966, Houston, fundi aitwaye Jim LeBlanc alikuwa anajaribu vazi ndani ya chumba cha ombwe, yaani kilichotolewa hewa yote, mpira wa kumpelekea hewa ukachomoka. Alizimia baada ya sekunde kama 14. Wakarudisha hewa haraka, akazinduka, na kitu cha mwisho alichokumbuka ni mate kuchemka ulimini. Kuchemka si kwa joto, ni kwa kukosa kanieneo, yaani mgandamizo wa hewa, kama vile maji ya chai huku kwetu Iringa yanavyochemka mapema kuliko ya Mombasa. Wala haugandi barafu papo hapo kama wanavyoonyesha. Ombwe ndilo lililo kati ya kuta mbili za chupa ya chai, na sote tunajua chupa ya chai inafanya nini. Kosa la kuua haraka ni kubana pumzi: mapafu yanachanika. Daktari wako anapaswa kujua hilo na kumpigia Mrusi kelele redioni atoe pumzi.

Machozi hayadondoki. Hakuna chini. Chris Hadfield wa Kanada alionyesha kwenye video mwaka 2013 akitumia maji: yanakusanyika jichoni kama tone kubwa la uji, yanakua, yanahamia puani. Yanawasha pia.


ChaliiWaKaloleni

Mnamtisha bure dada wa watu. Filamu ni filamu. Mtu amelipa kiingilio alie, siyo afanye mtihani. Mlipuko usio na mshindo nani ataangalia?


BintiNgomeni

Chalii, jana asubuhi ningekuunga mkono. Lakini nimekesha. Dakika kumi za Mwalimu zimeniandikia onyesho la 12 zenyewe. Zamani walikuwa wanazungumza saa nzima, na ukweli ni kwamba kurasa zile zilikuwa zimejaa salamu, habari za mbuzi na habari za jirani. Sasa hawana nafasi. Babu ana kitu cha kumwambia tangu ukurasa wa tatu na kila mara anaanza na mbuzi, kisha sauti inaanza kukwaruza, kisha imekatika. Nimelia mwenyewe saa tisa usiku.

Halafu usiwadharau watazamaji. Tangu ile pete ya chuma ya nusu tani iangukie kijiji cha Mukuku kule Makueni, mwisho wa 2024, kila matatu ina mtaalamu wake wa mabaki ya roketi.


FundiSauti_Dar

Chalii anauliza nani ataangalia mlipuko usio na mshindo. Mimi ni mtu wa sauti, nimefanya tamthilia za runinga miaka mingi, acha nijibu.

Huko nje hakuna hewa, kwa hiyo hakuna sauti, sawa. Ila kamera yako iko na nani? Kama iko na Mwanakombo ndani ya kofia yake, tunasikia pumzi, feni ya vazi, redio, na kishindo kinachopanda kwa mkono wake kutoka kwenye chuma alichoshika, maana sauti inapita kwenye chuma. Nipe hivyo nikutengenezee mlipuko wa kukunyima usingizi. Mshindo wa bomu kila mtu anao kwenye kompyuta yake.

Na ndani ya kituo si kimya hata kidogo. Feni, pampu, mitambo ya kusafisha hewa, saa 24. Kuna sababu: hewa ya joto huku kwetu hupanda, kule haina pa kupanda. Ukilala mahali pasipo na feni, hewa uliyoitoa inabaki mbele ya pua yako, unaivuta tena. Kwa hiyo kwenye filamu yako sauti ya kutisha ni feni kuzimika. Weka mngurumo ule dakika arobaini mpaka mtazamaji ausahau, kisha ukate. Sinema nzima itaacha kutafuna.

Kuhusu Mrusi, mimi ningemtoa kabisa. Tarehe 16 Julai 2013 Mwitaliano Luca Parmitano alikuwa nje ya kituo, akahisi maji kisogoni. Yalikuwa yanavuja kutoka kwenye mfumo wa kupoza vazi. Kule maji hayatiririki, yanang'ang'ania ngozi, yanatambaa. Yakamfunika masikio, macho, yakaingia puani. Zaidi ya lita moja ndani ya kofia, na huwezi kuingiza mkono upanguse. Jua likazama, haoni, redio haisikiki vizuri, akarudi mlangoni kwa kuifuata kamba yake ya usalama inayomvuta taratibu. Akapona.

Dada, wewe una mjukuu wa mwanamaji wa Ngomeni. Mpe yeye hilo.

Mambo ya kupiga picha bila hela: usionyeshe miguu. Mwigizaji asimame mguu mmoja, au akae kwenye kiti cha kuzunguka kisichoonekana, kamera nayo ielee kidogo, basi. Nywele zifungwe mabutu, zikiachwa zinalala mabegani na siri imevuja. Kijiko na kalamu vining'inize kwa mshipi mwembamba wa kuvulia. Chozi tumia jeli ya nywele isiyo na rangi, uiweke shavuni chini kidogo ya jicho, usiiweke jichoni! Leso ndiyo kazi, haiwezi kuning'inia. Ipigie picha peke yake ndani ya bwawa la kuogelea, kwa mwendo wa polepole.


NahodhaMstaafu

Mwanangu Binti Ngomeni, mimi roketi sizijui. Nimeendesha jahazi, Lamu, Kipini, Mombasa, mpaka macho yalipokataa. Mjukuu wangu ananisomea haya.

Hao walimu wamekusahihisha juu. Chini hawakukusahihisha, na filamu hii wakiionyesha Ngomeni watu watanyanyuka onyesho la kwanza.

Mwezi mwandamo hauchomozi baharini usiku. Unaonekana magharibi, jua likishatua, na haukai, unalifuata. Bahari yetu iko mashariki. Na pembe hazisimami. Huku kwetu mwezi mchanga hulala kama mtumbwi, pengine umeegemea ubavu kidogo. Huo uliosimama ni wa kwenye bendera.

Desemba hakuna kusi. Desemba ni kaskazi.

Na maji huwezi kuyajaza unavyotaka wewe. Niambie kwanza mwezi ulikuwa wa ngapi.


BintiNgomeni

Shikamoo nahodha. Nimeona aibu kuliko nilivyoona kwa Mwalimu, maana haya ningeweza kumuuliza mama yangu.

Nimepakua Stellarium, programu ya bure ya kutazama nyota kwenye kompyuta, nikairudisha nyuma hadi 12 Desemba 1970, Malindi. Mwezi ulikuwa karibu kabisa na kujaa. Halafu nikaangalia saa ya Uhuru kuruka. Ni mchana! Karibu saa nane. Kwa hiyo usiku hakuna, na mwezi haujachomoza bado. Onyesho langu la kwanza, nililoliandika mara sita, limebaki na roketi tu.


NahodhaMstaafu

Marahaba. Usilie. Mwezi mpevu ni bamvua, maji makubwa. Bamvua maji hukupwa saa nne, hujaa saa kumi, mchana na usiku vivyo hivyo. Saa nane maji yanajaa kwa nguvu. Huyo babu yako, kama alikuwa kwenye boti saa hizo, hakuwa ametulia anatazama juu mdomo wazi. Alikuwa anapigana na mkondo, na kaskazi inamsukuma. Roketi ameiona kwa jicho moja.


Mwl_Iringa

Nahodha, hiyo ya jicho moja naichukua niende nayo darasani.

Dada, niongeze dogo. Kile chombo kilichoruka siku ile kilikuwa setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kutafuta miali ya eksirei kutoka kwenye nyota. Kikapata kwenye kundi la Kantarusi kitu kinachopiga mapigo kila sekunde 4.8, kama moyo wa mtu aliyelala usingizi mzito sana. Ni nyota iliyokufa, inazunguka na kunyonya gesi ya mwenzake. Kama utataka mdundo wa feni yako kuzimika, au wa babu kufa, mapigo hayo yameanzia kwenu.


BintiNgomeni

Mwalimu, acha nikae nayo hiyo. Nimeshaanza kuogopa kuongeza vitu.

Hii ndiyo hali ilivyo leo. La 1 limekuwa mchana, boti, mkondo, jicho moja. La 7, Mwanakombo anamwambia babu "ninaanguka", na babu anauliza ataokotwa na nani. Mrusi kaenda zake. Mwanakombo ndiye anayejaa maji kofiani, na babu, ambaye hana habari, yuko kwenye dakika zake kumi anamsimulia alivyozama akiwa kijana, pale pale San Marco. Mwanakombo hawezi kujibu, mdomo umejaa. Hiyo ndiyo habari babu aliyokuwa akiiahirisha kwa mbuzi.

Nimebaki na tundu moja. Babu hana saa. Ilikuwa na maji, imekufa, na sitaki kumpa simu. Usiku yuko ufukoni, mjukuu amezama upande wa Somalia na Bahari Hindi, atarudi baada ya saa moja na nusu. Mtu wa pwani atajuaje? Nyota? Nilifikiria Kilimia.


Mwl_Iringa

Nyota zinakwenda nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo saa moja na nusu ni kama nyuzi 22. Ngumi ya mkono ulionyooshwa ni nyuzi kumi. Ngumi mbili na kidogo. Inawezekana.


NahodhaMstaafu

Ngumi ni za Mwalimu. Mzee aliyechoka hanyanyui mkono usiku kucha.

Apige kigingi ufukoni kwenye maji, asimame kando yake, maji yakiwa magotini. Yakimfika kifuani, mtoto anarudi. Lakini iwe bamvua, na iwe maji yanajaa, saa saba, saa nane ya usiku. Ikiwa maji mafu usimwandikie hivyo, atasimama pale mpaka kuche na maji hayajafika kiunoni.